Siku Uliponiambia Niachie

Mama,

Leo nakusalimu bila kupiga makofi. Mkono wa kulia umeshika kalamu, wa kushoto umekandamiza daftari la Leonsia lisipeperuke, maana upepo wa Juni hapa Izia unajua kupita hata palipozibwa. Utanivumilia. Utanivumilia pia kwa kukuandikia "wewe". Ulipokuwa hai nilikuambia "ninyi": mmeamkaje, mmekula, mmelala salama, kana kwamba kijiji kizima kimekaa kwenye kiti kimoja. Kifipa kinataka hivyo kwa mkwe, na wewe ulitaka kuliko Kifipa. Lakini ninachotaka kusema leo hakisemeki mbele ya kijiji kizima.

Nimekuja kuomba ruhusa ya kuvunja kiapo.

Unakijua. Uliniapisha ukiwa kitandani, siku chache kabla hujaenda, uso umegeukia ukutani kwa sababu nilikuwa nimetoka kukugeuza. Ulisema, "Mkwe, mambo ya mkanda yabaki yetu wawili." Nikasema yatabaki. Yamebaki. Mwezi ujao yatakuwa yametimiza mwaka, na sasa yanamla mwanao.

Nianze na habari, maana najua hupendi mtu anayekuja na shida kabla hajakwambia mahindi yamekuwaje. Mahindi yamekuwa vizuri. Ulezi wa kijijini Kate nao umekubali, ndugu zako wametuletea gunia zima. Leonsia ameingia kidato cha kwanza na anaongea kama amemaliza. Mama Shamsa jirani, aliyekuwa anakuogesha asubuhi, hajambo. Kila akipita dirisha la chumba chako anasema "Mungu amrehemu," kisha anaongeza kwamba hajawahi kumwogesha mtu mbishi kama wewe. Mimi bado natengeneza viti hapa uani. Geti bado linalia. Sijalipaka grisi na hakuna anayejua kwa nini.

Mwanao Editruda ameacha kwaya. Alianza kwa kukosa mazoezi ya Alhamisi, kisha akakosa Jumapili, kisha sare yake ya kwaya akampa mtu. Asubuhi anakwenda shuleni kupikia wanafunzi, jioni anarudi, anakaa kwenye kile kiti chako chenye mikono, hawashi taa. Nikimwuliza anasema amechoka. Kuchoka nakujua, Mama, na kule si kuchoka.

Unakumbuka tulivyoanza. Ulikuwa umeteleza Kate, njia ina matope, boga kichwani. Boga halikupasuka. Nyonga ndiyo iliyopasuka, na ulipoletwa mjini ulikuwa unauliza habari za boga. Wakakuwekea chuma, ukakaa wodini, na siku ya kuruhusiwa akaja yule dada wa mazoezi, mwembamba, sauti ya kamanda. Alimfundisha Editruda jinsi ya kukusimamisha. Editruda alikuwa analia. Mimi nilikuwa mlangoni nimewapa mgongo, kwa sababu mkwe hamtazami mkwewe akiwa amevaa shuka la hospitali. Kwa hiyo nilijifunza kwa masikio. Elimu yangu yote ni hiyohiyo: nusu ya mambo ninayoyajua niliyasikia nikiwa nimemgeuzia mtu mgongo.

Nilimsikia akisema: usimvute kwapani, utamtoa bega. Mlete ukingoni mwa kitanda kwanza. Miguu irudi nyuma, chini ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, hapo makalio yatanyanyuka yenyewe. Akisimama, asubiri; kizunguzungu kipite. Woka itangulie, ufuate mguu mbovu, halafu mzima. Wewe simama upande wa mguu mbovu, nyuma kidogo. Akianza kuanguka usishindane na dunia. Mtelemshe juu ya paja lako mpaka chini, taratibu. Na mikono yake isitoke kwenye woka mpaka asikie kiti kimegusa miguu yake kwa nyuma. Hilo la mwisho alilisema mara tatu. Nililisikia mara tatu.

Woka yenyewe, ile fremu ya miguu minne, niliitengeneza mimi kwa bomba la maji na soli za tairi. Ya kwanza ilikuwa ndefu. Sikuweza kukupima, mkwe hapimwi, nikakadiria kwa macho. Ukatembea nayo mabega yamefika masikioni kama kunguru aliyenyeshewa. Mama Shamsa akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akachukua kamba, akakwambia uning'inize mikono, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kifundo cha mkono, akaniletea kamba yenye fundo. Nikakata bomba pale kwenye fundo. Uliposhika ile iliyokatwa ulisema, "Sasa nimerudi kuwa mtu." Hukuniambia mimi. Uliiambia woka.

Siku ya kwanza peke yetu ndiyo iliyoleta yote. Editruda kazini, Mama Shamsa ameshakuogesha na kwenda dukani kwao Kizwite, watoto shule. Nikasikia umeita. Nikaja mpaka kwenye pazia, nikasimama nje. Ukasema unataka kwenda chooni. Nikasema nitamwita mtu. Ukasema mtu atakuta bahari. Tukajadiliana kupitia pazia kama watu wa mpakani. Mimi nikasema mila, nikasema nitakushikaje kiuno. Ukasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naacha randa:

"Mkwe, nianguke kwa heshima au ninyanyuke kwa aibu?"

Nikaenda karakana. Nilikuwa na mkanda niliouchomoa kwenye gari bovu, pikapu iliyopinduka ikaishia gereji. Gari lilikuwa limekunjika kama gazeti, lakini mkanda ulikuwa mpya kabisa, hakuna aliyewahi kuufunga. Nikaushonea vishikio viwili nyuma. Nikakupitishia kwa chini ya pazia, ukajifunga mwenyewe juu ya kitenge, ukaufunika kwa kitenge cha pili, nami nikaingia nikitazama dari. Hivyo nilikuwa sikushiki wewe. Nilikuwa nashika mkanda. Nadhani hata mababu wangekubali, kama wangekuwa wamebanwa na haja.

Tulikwenda na kurudi. Ulipokaa ulivua mkanda, ukaukunja, ukauweka chini ya mto. Ukasema, "Hii haijatokea."

Haikutokea kila siku, asubuhi na mchana, miezi minne.

Ilianza kitandani mpaka mlangoni. Kisha mlangoni mpaka benchi. Kisha benchi mpaka kwenye mparachichi. Pale kwenye ngazi mbili za jikoni nilikuambia lile la dada wa mazoezi, kwamba kupanda unatangulia mguu mzima, kushuka unatangulia mbovu, na mzima unabaki nyuma kuubeba. Ukasema, "Kama ndoa." Nikauliza mimi ni mguu gani. Ukasema ungeniambia siku nikifika juu. Mwezi wa nne ulifika mpaka karakana, ukakaa kwenye kiti nilichokuwa namtengenezea mteja, ukakitikisa, ukasema kina mguu mmoja mwongo. Kilikuwa nao. Nikakirekebisha, sikukupa ushindi.

Na geti. Geti ndilo lililotutunzia siri. Bawaba ilikuwa inalia kama mbuzi, na tulikubaliana bila kukubaliana kwamba likilia, unasema "Achia," nami naachia, narudi hatua mbili, nainama kama natafuta msumari. Mtu akiingia anakuta mama mkwe amesimama mwenyewe na woka yake, na mkwe yuko mbali anakotakiwa kuwa. Watu walikusifu. "Bibi anatembea mwenyewe!" Ulijibu kwa unyenyekevu, ukaniangalia kwa pembeni. Wakiondoka nilirudi nikashika mkanda. Ulitetemeka, Mama. Kila mara nilipoachia, niliporudi nilikukuta unatetemeka. Nilikuwa nalijua hilo. Naandika hapa ili lisomeke: nilikuwa nalijua.

Sasa nifike kwenye Jumamosi ile.

Mzee Kilimenti, kaka yake marehemu baba mkwe, mkubwa wa ukoo, alileta habari kwamba akishavuna atakuja kukuona. Editruda kabla ya kwenda kazini alikukalisha, akakufunga kilemba kizuri, akakwambia, "Mama, baba mkubwa akija asikukute umelala kama gunia. Simama akuone." Alisema akicheka. Alikuwa anakutia moyo. Wewe ukamjibu, "Gunia halisimami bila kuegemezwa," akacheka tena, akaenda. Hayo ndiyo maneno yake yote. Nakumbuka kwa sababu nilikuwa nje kazini kwangu na randa ilikuwa imetulia.

Saa nne tukaanza mazoezi. Tulikuwa katikati ya mlango na benchi, pale pasipo na kitu cha kuegemea. Mkono wangu wa kulia kwenye kishikio, wa kushoto karibu na bega lako bila kuligusa. Geti likalia. Nikaona fimbo, kisha kofia, kisha Mzee Kilimenti mwenyewe.

Ukasema, "Achia."

Nilijua hapakuwa pa kuachia. Ningeweza kusema subiri kidogo. Ningeweza kukupeleka mpaka kwenye benchi nikiwa nimekushika, mzee akaona, akashangaa, akasema alichotaka kusema, maisha yakaendelea. Nilihesabu yote hayo, maana mimi ni mtu wa kuhesabu mambo baada ya kuyaona. Halafu nikaachia. Nikarudi hatua mbili.

Mzee akasimama, nawe ukamsalimu. Siyo kwa mdomo. Uliachia mkono wa kulia kwenye woka, kisha wa kushoto, ukavikutanisha viganja, ukapiga makofi yale matatu ya taratibu, na ukaanza kukunja goti kama binti anayempokea mkubwa wake. Kwa nyonga ile. Miguu ile ilikuwa imefundishwa kusalimu tangu haijafundishwa kukimbia, na hakuna dada wa mazoezi aliyeniambia kwamba Mfipa akimwona mkubwa wake mikono inaondoka yenyewe.

Goti lilikwenda chini likakosa njia ya kurudi. Niliona. Sitakudanganya wewe, uliyeko mahali ambapo hakuna faida ya kudanganywa: niliona mapema. Woka ilisogea mbele, wewe ukasogea pembeni, na kati ya kuona na kuanguka kulikuwa na nafasi ya hatua mbili. Ningezipiga. Mwili wangu unazijua, nilikuwa nimezipiga miezi minne.

Lakini mikono yangu ilikuwa na kazi. Na mimi nilikuwa napiga makofi, Mama. Nilikuwa nimeinama, namsalimu Mzee Kilimenti. Viganja vinne vilikuwa vinalia pale uani kwa adabu nzuri kabisa, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeshika kitu.

Hilo sijamwambia mtu.

Mzee akasema, "Jamani, nani kamwambia asimame?" Mimi nikakukuta chini, ukasema kwanza kabisa, kabla ya maumivu, "Mkanda." Nikauvuta kwa chini ya kitenge, nikauficha ndani ya shati, ndipo nikapiga kelele kumwita Mama Shamsa. Ulikuwa umevunjika upande uleule, chuma kimeng'oka, na tulianza na mkanda.

Editruda alitukuta hospitalini bado ana vumbi la unga mikononi. Hakuniuliza kwa ubaya. Aliuliza tu, "Baba Leonsia, ulikuwa wapi?" Nikasema, "Nilikuwa nimekwenda kuleta kiti." Lilitoka lenyewe. Fundi viti, lazima uongo wake uwe wa kiti. Na ulikuwa uongo mzuri, imara, hauna mguu mfupi. Kila mtu aliukalia, hata Mzee Kilimenti, ambaye macho yake siku ile yalikuwa kwako tu. Amewaeleza ndugu, amewaeleza walimu wa shuleni kwake: Baba Leonsia alikuwa amekwenda kumletea mama kiti. Kila anaponitetea nasikia goti lako.

Daktari alisema hutafungwa tena chuma, mapafu hayana nguvu. Ukarudi nyumbani ukalala. Nilikuwa nakugeuza kwa kuvuta shuka kila baada ya saa mbili, mto kati ya magoti, visigino vining'inie nje ya godoro visichubuke. Havikuchubuka visigino. Palichubuka chini ya mgongo, ukubwa wa sarafu, kisha wa kisosi, kisha sikutaka tena kulinganisha na kitu cha mezani. Ulinuka, Mama. Ulijua. Ulimwomba Editruda achome ubani akidhani ni kwa ajili ya sala. Ulikuwa unasikia kikohozi kinakuja kama unavyosikia gari linapanda mlima, kwa mbali, kisha limefika. Hukunilaumu hata siku moja. Hiyo ndiyo iliyonishinda. Ungenilaumu ningejitetea, na nikijitetea mimi ni hodari.

Siku ya kiapo nilitaka kukuambia habari ya makofi. Ukaniwahi. Ukasema mambo ya mkanda yabaki yetu. Nilielewa ulichokuwa unaogopa. Watu wangesema mama wa watu wa Kate alishikwa kiuno na mkwe. Nikaapa haraka. Haraka mno. Ulidhani natunza heshima yako. Nilikuwa natunza kiti changu.

Msibani Mzee Kilimenti alisimama kaburini, kofia mkononi, akasema, "Shemeji yangu ameanguka akisalimu. Amekwenda na adabu zake, hazikuvunjika." Watu wakaitikia. Kina mama wakalia kwa sauti. Ni kweli, adabu haikuvunjika. Iliyovunjika ni nyonga. Nilitazama mchanga. Padri naye akalichukua neno lile akalitia kwenye mahubiri, na sasa ukitajwa Kate, ndivyo unavyotajwa: yule mama aliyekufa akisalimu. Umekuwa mfano kwa mabinti. Najua ungecheka, kisha ungekuja juu.

Baada ya hapo, watu walianza kuja karakana. Mmoja aliiona woka yako imesimama kwenye kona, akauliza kama naweza kumtengenezea baba yake. Nikatengeneza. Akaja mwingine anataka magongo. Sasa viti vyenyewe ni vichache, natengeneza vitu vya kutembelea. Napima kwa kamba yenye fundo. Mpira wa chini nakagua kila mtu akirudi, ukiisha nabadilisha. Nawaambia watoe mabusati mlangoni, wakaushe sakafu, mgonjwa asivae kandambili. Nao wananisikiliza kama daktari. Nina kauli moja ambayo siuzi woka bila kuisema: salamu ni ya kukaa. Mgeni akija, mgonjwa kwanza akae, asikie kiti nyuma ya miguu, ndipo apige makofi yake hata mia. Akiwa amesimama, asalimu kwa kichwa. Mkubwa atakayekasirika, aje kwangu.

Wiki iliyopita alikuja mwalimu mstaafu kutoka Kizwite, upande mmoja umelegea, na mkewe. Nikamfunga mkanda wako, nikamwonyesha mke pa kusimama. Mwalimu akapiga hatua nne nzuri. Geti likalia. Akaingia jirani yake aliyewafuata, mtu mzima, na mwalimu mikono ikaondoka. Nilisema "Usiachie" kwa sauti ambayo sikuijua, na kabla sijafikiri nilikuwa nimemshika, mguu wangu uko nyuma ya wake, paja limempokea, akakaa juu yake kama ndege. Hakuna kilichovunjika. Jirani akabaki ameinua viganja.

Aliyekuwa nyuma ya jirani ni Editruda. Alikuwa amerudi mapema, gesi ya shule imekwisha. Hakuangalia mwalimu. Aliangalia mkono wangu ulivyoingia kwenye kishikio bila kutafuta. Wageni walipoondoka akaja, akauchukua mkanda, akaugeuza. Kuna uzi mweupe pale uliposhonea mwenyewe kifungo cha gauni lako ili mkanda usilegee. Akasema, "Baba Leonsia, kushika hivi ulijifunzia kwa nani?"

Nikasema, "Kwa kutazama."

Akaurudisha mkanda kwenye msumari taratibu, kama anarudisha kitu cha mtu. Asubuhi yake, anafunga kitenge cha kwendea kazini, akaniambia amelifikiria muda mrefu. Mwezi ujao tukienda Kate kujengea kaburi, baada ya misa, atasimama mbele ya ukoo kuomba msamaha. Nikauliza msamaha wa nini. Akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia asimame. Alikuwa amekaa salama, nikamwambia asimame." Akasema kila akifumba macho anasikia alivyokuwa anacheka wakati anasema gunia. Akasema, "Nilimwua mama kwa mdomo wangu, na wewe maskini umekwenda kumletea kiti."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka mezani vizuri. Halafu akaenda kupika.

Kwa hiyo unaona, Mama, kwa nini nimekuja na daftari. Kiapo chako na uongo wangu vimeshonwa pamoja. Siwezi kufumua kimoja kikabaki kingine. Nikisema nilikuwepo, ataniuliza nilikuwa nafanya nini katikati ya uwanja. Nikisema nilikuwa nimekushika, nimekuvua kile ulichokishika mpaka mwisho. Na hawezi kuelewa kwamba ulianguka kwa sababu niliachia, mpaka aelewe kwanza kwamba kwa miezi minne hukuanguka kwa sababu nilishika.

Nimekaa na hilo siku sita. Nimejaribu kusikia ungesema nini. Mara ya kwanza nilisikia, "Kiapo ni kiapo." Mara ya pili nilisikia lile la pazia. Ulichagua aibu siku ile, Mama, ili unyanyuke. Sasa kuna mwingine yuko chini na hana mkanda, na ni mwanao.

Kwa hiyo Jumapili tukitoka misa, watoto wakienda kwa Mama Shamsa, nitamwomba akae kwenye kiti chako. Mimi nitakaa kwenye kigoda mbele yake. Nitamwekea mkanda mapajani, nimwonyeshe uzi mweupe. Nitamwambia hapakuwa na kiti. Nitamwambia kuhusu pazia, na bahari, na ndoa ya miguu miwili. Nitamwambia aliposema usimame ulikuwa umeshasimama miezi minne, na kwamba maneno yake hayakuwa na mkono. Yangu ndiyo mikono iliyokuwepo. Nitamwambia habari ya makofi. Hilo nitalisema la mwisho na sitalipamba. Akitaka kwenda kwa ndugu zake, geti litalia na nitalisikia. Akitaka kusema Kate mbele ya ukoo, nitasimama naye na nitasema mimi.

Kilemba chako kiko sandukuni, kimefuliwa. Kaburi tutalijengea vizuri, nimeshachagua kokoto. Pale Mzee Kilimenti atasema tena habari za adabu na watu wataitikia. Nitainamisha kichwa tu, kwa heshima. Mikono nitaipeleka kwenye kiwiko cha Editruda, maana njia ya makaburini ina mteremko.

Lala salama, Mama. Ningeandika "mlale" lakini tumeshavuka huko. Najua utakasirika, na najua neno utakalolisema, nalijua hata kwa pumzi yake ya chini unayoitoa ukidhani wageni hawasikii. Liseme tu. Jumapili nitakapokuwa nimemshika mwanao na nikalisikia kutoka kule uliko, nisamehe.

Safari hii siachii.

Mkweo,
Baba Leonsia